Mwenye Nyumba na Mizuka Yake

Hapana mtu aliyekulia katika nchi ya chai, toka Kericho mpaka Bomet, asiyejua namna ukungu unavyoingia. Huanza katika mikunjo ya mabonde, ukapanda polepole juu ya migongo ya michai, ukafunika mstari wa kwanza na wa pili, hata ile miti ya mipakani ikawa kama watu waliosimama kungoja. Saa hiyo wachumaji wamekwisha pima majani yao, na watoto wamekwisha itwa ndani. Nimetanguliza habari ya ukungu, msomaji, kwa sababu nataka tuzungumze juu ya mchezo wa kutisha, na mtu hawezi kuuhukumu vyema mchezo wa kutisha asipokumbuka kwanza kile kinachomtisha yeye mwenyewe nyumbani kwao.

Mchezo ninaotaka kuupima ni wa Marekani. Jina lake ni 666 Park Avenue, nao ulianza kuonyeshwa na shirika la televisheni la ABC tarehe 30 Septemba 2012. Jina lilichukuliwa kwenye kitabu cha Gabriella Pierce, lakini mtungaji wa mchezo, David Wilcox, hakukifuata kitabu hatua kwa hatua. Alichukua anwani, akajenga nyumba yake mwenyewe juu yake. Sehemu zake zote ni 13 tu. Kabla mwaka ule haujaisha shirika lilikwisha kata shauri kwamba mchezo hautaendelea, kwa kuwa watazamaji walikuwa wachache, na sehemu za mwisho zikaonyeshwa mwaka 2013. Utaniuliza basi kwa nini nikuchoshe na mchezo ulioshindwa kwao. Nakujibu kwamba kazi iliyofaulu nusu humfundisha mpimaji kuliko kazi iliyotimia, maana katika nguo iliyoshonwa vyema mshono hauonekani.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji wa New York liko jumba kubwa la ghorofa liitwalo The Drake, lenye kuta zilizopambwa na bawabu mlangoni. Mwenye jumba ni Gavin Doran, tajiri mwenye sauti ya upole, pamoja na mkewe Olivia, mwanamke wa madaha na huzuni iliyofichwa. Sehemu hizo mbili waliigiza Terry O'Quinn na Vanessa Williams, na kuigiza kwao ni jambo moja ambalo hata adui wa mchezo hawezi kulikataa. Vijana wawili wachumba, Jane Van Veen, msanifu wa majengo, na Henry Martin, mwanasheria afanyaye kazi katika ofisi ya meya, wanaajiriwa kuwa wasimamizi wa jumba. Na katika malipo yao imo nyumba nzuri ya kukaa, ambayo kwa fedha zao wenyewe wasingeweza kuipanga hata kwa mwezi mmoja. Kila mpangaji wa jumba lile ana haja kubwa moyoni. Bwana Doran huijua haja hiyo kabla haijatamkwa. Humpa mtu akitakacho, akamtilisha sahihi, kisha siku ya kudai ikifika, hudai. Namba ya mlango ni 999. Ipindue, utapata hesabu ile ambayo Kitabu cha Ufunuo kinasema ni hesabu ya mnyama.

Mwanzo wa mchezo ni mzuri, wala sitaki kuunyima haki yake. Tunamwona mpiga fidla mashuhuri ambaye muda wa mapatano yake na mwenye nyumba umekwisha. Anataka kukimbia. Lakini mlango wa jumba unamvuta nyuma, ukamrudisha ndani kama mdomo urudishavyo mate, na mlango ukafungwa. Tazama jinsi jambo hili lilivyofanywa kwa vitu vichache. Hakuna jitu lenye meno marefu. Hakuna kaburi wala fuvu. Upo mlango tu, kitu ambacho kila mtu hukipita mara ishirini kwa siku bila kukifikiri, ila huu kazi yake imegeuzwa: ulitengenezwa kumwingiza mtu na kumtoa, na sasa unajua kuingiza peke yake. Mtunzi wa hadithi za kutisha akiweza kukufanya uutazame mlango wa nyumba yako kwa macho mengine usiku ule, amekwisha stahili ujira wake.

Sehemu hiyo niliitazama mara ya pili katika nyumba ya shangazi yangu, katika kambi moja ya wachumaji wa chai upande wa Kericho. Ni nyumba kama zilivyo nyumba za kambi: ukuta uliopakwa chokaa, bati, mlango wenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeusi, na mbele ya mlango kitalu kidogo cha sukuma wiki. Mchezo niliuleta katika kile kidude ambacho vijana hukiita flashi. Watoto wa majirani walijaa sakafuni, nami ikanipasa kuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha Wamarekani hao hukimbia kama maji ya mto Kipchorian wakati wa masika. Mpiga fidla alipovutwa na mlango watoto walicheka sana. Shangazi hakucheka. Alikuwa akichagua maharagwe katika ungo, akaacha, akaniuliza:

"Mwanangu, huyo bwana alitia sahihi mwenyewe?"

"Alitia, shangazi."

"Na siku ya kutoka aliambiwa?"

"Aliambiwa."

"Basi anachokililia ni nini? Mimi yangu ni mwezi wa nane. Naijua tangu siku niliyopewa ufunguo."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Alikuwa amechuma chai miaka 26, akawalea watoto watatu katika vyumba vile viwili, na umri wa kustaafu ulikuwa umemkaribia. Katika kambi nyumba hufuatana na kazi. Kazi ikiisha, ufunguo hurudi ofisini. Hakuwa akilalamika, naomba ulielewe hilo. Alikuwa akiuliza swali la mhakiki, tena swali ambalo mimi, niliyesoma vitabu, sikuwa nimeliuliza: kwa nini mpangaji huyu ndiye anayepata adhabu?

Tangu jioni ile niliuona mchezo kwa namna nyingine. Maana ukichunguza utakuta kwamba karibu kila mtu anayeangamia katika The Drake anaangamia kwa sababu ya kutamani. Yuko mtu mmoja, John Barlow, aliyefiwa na mkewe. Mwenye nyumba anamrudishia mke huyo, lakini kwa sharti la kuua. Akiua mtu mmoja, mke hurudi kwa kitambo, kisha hana budi kuua tena. Mwishowe jumba lenyewe humeza mwili wake. Ni kisa cha kuhuzunisha, na mwigizaji wake anatutia imani kwamba mtu mwema aweza kuteremka hatua kwa hatua mpaka shimoni. Hata hivyo mtunzi ametuelekeza tumtazame Barlow tu, na dhambi ya Barlow, na mikono ya Barlow. Aliyeandika masharti ameketi juu ghorofani, anakunywa mvinyo, na kamera inampenda. Inapenda koti lake, inapenda tabasamu lake, inapenda meza yake. Ibilisi amepewa taa nzuri kuliko watu wote.

Sisemi kwamba Ibilisi asiwe na haiba. Hadithi za kale za watu waliouza roho zao zote zina Ibilisi mwenye maneno matamu, na asiyekuwa na maneno matamu angemnunua nani? Nasema kwamba mchezo huu ulikuwa na fikira kubwa mkononi ukaiacha ianguke. Fikira yenyewe ni kwamba Ibilisi ni mwenye nyumba. Si mchawi wa porini, si mfalme wa moto. Ni mtu unayemlipa kodi. Hapo pana mambo mengi ya kutisha kuliko mizuka yote ya jumba lile, kwa kuwa mtu ambaye nyumba yake imo mkononi mwa mwingine hawezi hata kukasirika kwa uhuru. Jane na Henry wanaingia The Drake kwa sababu hawana pa kukaa panapofaa katika mji ule wa ghali. Hilo ni hitaji, si tamaa. Laiti mtunzi angekaa na hitaji hilo sehemu tatu au nne, angetupa mchezo ambao watu wa Nairobi, wa Mombasa na wa kambi za chai wangeuona kuwa wao. Badala yake, kila wiki analeta mpangaji mpya mwenye uchu mpya, na adhabu mpya ya kufanana na uchu wake, kama mwalimu wa zamani aliyekuwa na fimbo ya kila kosa.

Kosa la pili ni la mizuka. Imekuwa mingi mno, nayo haina sheria moja. Mara ni mtu wa miaka iliyopita anayetembea korido, mara ni ndege ndani ya ukuta, mara ni kitu kilichofungiwa chini ya jumba. Kila kimoja kinatisha kwa dakika tano, kisha kinampisha kingine. Mtazamaji hajui kipi kinaweza kufanya nini, na asiyejua mipaka ya hatari hawezi kuiogopa kwa muda mrefu, huzoea. Wanafunzi wanaotunga hadithi za kutisha wailinde nukta hii. Mzuka mmoja wenye sheria kali hushinda mizuka arobaini isiyo na mwenyewe.

Linganisha na filamu ya Roman Polanski ya mwaka 1968, Rosemary's Baby, iliyotoka katika riwaya ya Ira Levin ya mwaka 1967. Nayo ni habari ya jumba la ghorofa la New York, nayo ina majirani wenye mapatano na Ibilisi. Lakini mle hatuoni takriban kitu chochote. Tunasikia sauti kupitia ukuta mwembamba; jirani mzee analeta kinywaji; mume anarudi nyumbani akiwa na bahati njema isiyoelezeka. Siri ni moja tu, na filamu nzima ni mwanamke mmoja kuijia siri hiyo hatua kwa hatua huku kila mtu akimwambia apumzike. Au chukua mchezo wa televisheni wa Lars von Trier wa Denmark, Riget, wa mwaka 1994. Huo ni wa hospitali, si wa nyumba za kupanga, lakini umeanza na neno ambalo kila mtunzi wa nyumba za mizuka angelitafakari: kwamba hospitali ile kubwa imejengwa juu ya kinamasi ambamo zamani watu walikuwa wakilowesha na kung'arisha nguo. Kabla ya mganga mmoja kutokea, tumekwisha jua kwamba chini ya sakafu pana watu waliotangulia na kazi yao. Mzuka wa Riget unatoka ardhini. Mizuka ya The Drake inatoka katika karatasi za watungaji.

Nimelitaja neno ardhi, na hapa nataka nikae kidogo, msomaji, kwa kuwa hapa ndipo watu wa nchi hii wanapoweza kuwapita watungaji wa Marekani katika kuhukumu.

Mzuka ni nini? Ukiacha kelele za sinema, mzuka ni dai. Ni mtu aliyeondolewa mahali bila haki yake kutimizwa, akakataa kuondoka kabisa. Ndiyo maana hadithi za mizuka hupenda majumba, kwa sababu katika jumba maswali ya nani aliingia, nani alitolewa na nani ana ufunguo hayaepukiki. Basi itazame nchi ya Kericho kwa kipimo hicho. Makampuni makubwa ya chai yaliingia hapa katika miaka ya 1920, na mashamba yakaenea juu ya ardhi ambayo Waafrika walikuwa wameondolewa au wamesukumwa pembeni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa dini na waonaji wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto na mbu, mbali na baridi waliyoizoea. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 2022, wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walipeleka mashtaka yao juu ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mimi si mwanasheria, na shauri la mahakama si kazi ya insha hii. Nasema tu kwamba mtu anayetaka mzuka wenye dai hana haja ya kupanda ndege.

Wala wazee hawakukosa elimu ya jambo hili. Bwana A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka 1909, aliandika habari za Chemosit, ambaye Wakipsigis, ndugu wa Wanandi kwa lugha na mila, nao wanamjua sana. Chemosit ni nusu mtu nusu ndege. Ana mguu mmoja. Ana makalio tisa, jambo ambalo darasa lolote halitakuruhusu ulisome bila kusimama kwa kicheko. Na mdomo wake ni mwekundu, unawaka usiku kama taa. Cheka kwanza, kisha ufikiri. Mtoto aliye ukingoni mwa msitu wakati wa ukungu anaona mwanga mwekundu mbali, na mwanga ni kitu kinachoita. Aliyemtunga Chemosit alijua kanuni ileile ya mlango wa The Drake: chukua kitu kinachomfaa mtu, taa ya nyumbani, ukigeuze kazi. Tena Chemosit ana sheria. Anakaa porini, anatoka usiku, anawataka wasiosikia wakiitwa ndani. Mtoto anajua mpaka uko wapi.

Wafu ni habari nyingine kabisa, nao hawakuchanganywa na Chemosit hata kidogo. Hollis anaeleza kwamba nyoka akiingia nyumbani na kupanda kitandani pa mwanamke, hakuuawa. Alihesabiwa kuwa ni roho ya mzee aliyekufa, akamwagiwa maziwa sakafuni anywe. Na mtoto alipozaliwa, wazee wa kike walitaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto alipiga chafya lilipotajwa, ndilo lililokuwa lake: mzee huyo amerudi. Angalia tofauti. Katika The Drake mfu ndani ya nyumba ni uvamizi, ni ishara ya kwamba mambo yameharibika. Katika nyumba ya mzee wa Kikipsigis mfu ndani ya nyumba ni jamaa, na nyumba isiyorudiwa na mfu wake hata mmoja ndiyo iliyokuwa ya kuhurumiwa.

Sasa nyumba ya kambi iko wapi katika mambo haya? Niliwaza hilo usiku ule baada ya watoto kwenda. Nyumba ya shangazi imekaliwa na watu wengi kabla yake, Wakipsigis, Wakisii, Waluo, Waluhya, waliotoka kila upande kuja kuchuma. Watoto wamezaliwa katika kambi zile, na watu wamekufa. Lakini anayekufa hazikwi hapo. Jamaa huchanga nauli, mwili ukapelekwa kwao. Jina halibaki ukutani. Chokaa hupakwa upya, na mpangaji mpya hupewa ufunguo uleule. Ni nyumba isiyoweza kuwa na mzuka, kwa sababu hapana mtu aliyepata kuwa wake kiasi cha kurudi. Na mwenye nyumba? Si Bwana Doran anayekusalimu kwa jina lako katika lifti. Tangu mwaka 2022 makampuni makubwa ya chai ya Kericho yamekuwa yakiuzwa na kununuliwa, majina ya zamani yakaondoka kwenye vibao, na mchumaji aliyeshika kikapu asubuhi hakuwa na haja ya kuulizwa. Mwezi Mei 2023, watu wa Kericho walipochoma moto mashine za kuchuma chai kwa hofu ya kupoteza kazi, walikuwa wakipigana na kitu chenye chuma na magurudumu kwa kuwa hakikuwapo kingine cha kushikika. Nisieleweke kwamba nasifu moto. Nasema kwamba mtunzi wa mchezo wa kutisha ambaye angeweza kutuonyesha mwenye nyumba asiye na uso angetutisha kweli, na 666 Park Avenue, kwa kumpa Ibilisi uso mzuri kama wa Terry O'Quinn, umetufariji pasipo kukusudia. Ukijua Ibilisi anakaa ghorofa gani, waweza kupanda ngazi ukamgongee.

Ipo kazi ya nyumbani kwetu iliyokaribia zaidi shabaha, nayo ni filamu ya Kenya iitwayo Kati Kati, iliyoongozwa na Mbithi Masya na kuonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2016, ambako ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Si ya jumba la ghorofa. Mwanamke kijana, Kaleche, anajikuta katika mbuga tupu amevaa nguo ya wagonjwa, hakumbuki jina la mtu wala la mahali. Anaona nyumba za wageni kwa mbali, anaenda. Na huko anaambiwa na kijana mmoja, Thoma, kwamba amekufa, na kwamba wote waliopo pale wamekufa. Wanakula, wanacheza, wanaogelea, lakini hawawezi kuondoka mpaka kila mmoja amelikabili jambo aliloliacha nyuma. Ni filamu fupi, haifiki dakika 80, na fedha yake yote isingetosha kupamba ukumbi wa The Drake. Lakini ina kile ambacho mchezo wa Marekani hauna: mzuka mmoja na sheria moja. Kaleche ni mzuka na ni mpangaji vilevile. Hatumwogopi, tunaogopa pamoja naye. Na zaidi ya hayo, waliokufa wa Kati Kati wana madeni wao kwa wao, na kwa nchi waliyoishi. Hawakuletwa pale kwa sababu mtu mmoja tajiri amependa kuwakusanya. Mimi ningeipenda zaidi kama ingekuwa na subira kidogo karibu na mwisho, ambapo mambo yanafunuliwa kwa haraka, mmoja juu ya mwingine. Lakini nikiambiwa nichague kazi moja ya kuwaonyesha wanafunzi, nitaichukua hiyo.

Je, nakushauri usiutazame 666 Park Avenue? La, utazame. Utazame kwa ajili ya O'Quinn, ambaye anaweza kusema neno la ukarimu hata ukaona baridi shingoni. Utazame kwa ajili ya Vanessa Williams, ambaye amepewa maneno machache ya kweli na akayafanya yatoshe. Utazame pia jumba lenyewe kwa nje, kwa kuwa ni jumba la kweli, Ansonia, katika barabara ya Broadway, lililomalizika kujengwa mwaka 1904, na waliolijenga walikuwa na kipaji cha kuogofya kuliko wote waliotajwa katika orodha ya watungaji. Lakini kila mpangaji anapoangamia, simamisha picha ukaulize swali la mchagua maharagwe: huyu alitamani, au alihitaji? Na aliyeandika karatasi aliadhibiwa na nani? Utaona kwamba mchezo unajibu swali la kwanza kwa haraka mno, na la pili hulikwepa mpaka karibu na mwisho, wakati shirika limekwisha kuupunguzia siku zake. Huo nao ni mkasa wa ajabu kidogo: mchezo juu ya wapangaji wenye siku za kuhesabiwa, nao ukahesabiwa siku na mwenye nyumba wake.

Usiku ule tulitazama sehemu mbili, kisha umeme ukakatika. Shangazi aliwasha taa ya mafuta. Wavulana wawili, waliocheka kuliko wote mpiga fidla alipomezwa na mlango, walifika kizingitini wakasimama. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kitalu cha sukuma wiki, na nyumba zao zilikuwa hatua arobaini tu. Nikawauliza kama wanamwogopa Bwana Doran. Wakasema hapana, huyo yuko Marekani. Mkubwa akatazama upande wa msitu, kisha akatazama taa iliyo mkononi mwa shangazi, akamwomba awasindikize, lakini aizime kwanza ile taa.

Shangazi akaizima. Akawashika mikono, wakaenda gizani watatu, naye akihesabu namba za milango kwa sauti mpaka wakafika.